MISULI YA MOYO KUNENEPA: IPI NI YA KURITHI, NA IPI SIYO?

Somo la afya kwa wakazi wa kambi



Baadhi yenu mmewahi kutoka hospitali na karatasi iliyoandikwa kwamba misuli ya moyo imenenepa. Wengine mmeambiwa kwa mdomo tu: "Moyo wako ni mkubwa." Mkifika nyumbani, wazee huuliza: "Ugonjwa huu umetoka upande gani, kwa baba au kwa mama?" Vijana nao hujiuliza kimoyomoyo: "Je, na mimi ninao?"

Maswali haya ni mazuri na yana majibu. Moyo hunenepa kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza si ya kurithi: moyo umefanyishwa kazi nzito kwa miaka mingi, na mara nyingi mwenye kosa ni presha. Njia ya pili ni ya kurithi: mtu amezaliwa na maelekezo yenye kasoro ya kuujenga msuli wa moyo. Inafaa kuzijua njia hizi kwa sababu mbili. Kwanza, dawa inayomfaa mgonjwa wa njia moja inaweza kumdhuru wa njia nyingine. Pili, njia ya kurithi inadai ndugu na watoto wapimwe, hata kama hawaumwi.

1. MOYO UNAVYOFANYA KAZI

Moyo ni pampu ya nyama, ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Una vyumba vinne. Chumba cha chini upande wa kushoto ndicho chenye kazi kubwa kuliko vyote: kinasukuma damu mpaka kichwani na mpaka kwenye vidole vya miguu. Ukuta wa chumba hicho kwa mtu mzima kwa kawaida una unene wa sentimeta 1 hivi, au pungufu kidogo. Ukifika milimita 15 au zaidi, na hakuna presha wala sababu nyingine inayoeleza unene huo, daktari hufikiria ugonjwa wa kurithi.

Msidhani kwamba ukuta mnene ni moyo wenye nguvu. Ukuta ukinenepa, nafasi ya damu ndani hupungua. Ukuta huwa mgumu na haulegei vizuri kupokea damu. Kwa baadhi ya wagonjwa nyama hunenepa karibu na mlango wa kutokea, ikaziba njia. Tena, umeme mdogo unaouongoza moyo kupiga unaweza kupotea njia katika nyama hiyo, na moyo ukapiga ovyo. Hilo la mwisho ndilo linaloleta kifo cha ghafla.

2. MFANO WA NYUMBA MBILI ZA GIHOSHA

Wengi wenu mliotoka Bujumbura mnaijua Gihosha, ule mtaa wa kaskazini ulio jirani na Kamenge, ambako njia zinapanda kilimani. Tuseme huko kulikuwa na nyumba mbili za majirani. Watu hawa ni wa mfano tu, lakini mambo yao hutokea kweli.

Nyumba ya kwanza ni ya mzee wa miaka 58, dereva. Alijulikana kuwa na presha tangu alipokuwa na miaka 40. Alikuwa akimeza kidonge kimoja kila asubuhi. Siku ya kukimbia, vidonge vilibaki nyumbani. Njiani na kambini alikaa miezi mingi bila dawa. Hakusikia maumivu, akasema amepona. Sasa akibeba ndoo ya maji anahema, na usiku hawezi kulala chali. Kipimo cha presha kinaonyesha 190 kwa 110. Picha ya moyo inaonyesha ukuta umenenepa.

Nyumba ya pili ni ya mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka 17, mchezaji mpira. Presha ya kijana ni 115 kwa 70, yaani nzuri kabisa. Hanywi pombe, hana unene wa mwili. Siku moja katikati ya mchezo alianguka akazimia, kisha akaamka. Mjomba wake alikufa ghafla akiwa na miaka 24, akilima shambani. Watu walisema alilishwa sumu. Picha ya moyo wa kijana inaonyesha ukuta mnene. Mama yake naye akapimwa: ukuta wake ni mnene, ingawa hajawahi kuumwa hata siku moja.

Majirani hao wawili wameambiwa neno moja, "moyo umenenepa", lakini magonjwa yao ni mawili tofauti.

3. NJIA ISIYO YA KURITHI

Mpagazi anayebeba magunia kila siku hunenepa misuli ya mikono na mabega. Moyo nao ni msuli. Presha ikiwa juu, kila pigo ni kama kubeba gunia. Moyo hupiga mara laki moja hivi kwa siku, kwa hiyo baada ya miaka ukuta unanenepa. Ukiachwa hivyo, mwishoni moyo huchoka na kushindwa kazi: miguu inavimba na pumzi inakuwa fupi.

Katika Afrika jambo hili ni kubwa. Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, juu ya wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu moyo ulikuwa umeshindwa kazi. Karibu 45 katika kila 100 walifikishwa hapo na presha. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu. Hawa si vikongwe. Ni watu ambao bado wanalea.

Sababu nyingine zisizo za kurithi ni hizi:

(a) Mlango wa moyo uliokaza. Mtoto akiumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu milango ya moyo. Mlango wa kutokea ukiwa mwembamba, moyo husukuma kwa nguvu na kunenepa.

(b) Figo mbovu. Figo ikiharibika, presha hupanda. Presha ikipanda, figo huharibika zaidi.

(c) Unene wa mwili kupita kiasi, na pombe nyingi ya miaka mingi. Pombe hupandisha presha, iwe bia ya chupa, urwarwa au gongo.

(d) Mazoezi makali sana ya wanamichezo. Haya hunenepesha moyo kidogo tu, na unene hupungua mtu akipumzika kwa miezi michache. Huo si ugonjwa.

Habari njema ni kwamba unene unaoletwa na presha unaweza kupungua. Presha ikishuka na kubaki chini kwa miezi na miaka, ukuta nao hupungua taratibu. Mzee wetu wa nyumba ya kwanza bado ana matumaini, mradi arudie dawa zake na asiziache tena.

4. NJIA YA KURITHI

Kila mtu amejengwa kwa maelekezo aliyopewa na wazazi wake. Maelekezo hayo huitwa jeni. Kwa kila jambo tuna nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Katika ugonjwa huu, nakala moja yenye kasoro inatosha kuleta maradhi.

Madaktari wameutambua ugonjwa huu vizuri tangu mwaka 1958, pale Donald Teare wa London alipoandika juu ya vijana waliokufa ghafla, ambao mioyo yao ilikuwa imenenepa upande mmoja. Mwaka 1990 wataalamu wa Boston, Marekani, walionyesha jeni ya kwanza yenye kasoro. Tangu hapo nyingine zimepatikana. Nyingi ni zile zinazotengeneza nyuzi za msuli zinazoufanya moyo ujikunje. Inakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila 500 ana moyo ulionenepa kwa njia hii. Kwa hiyo kambi ya watu 50,000 inaweza kuwa na watu kama 100 wa namna hiyo, na wengi wao hawajui.

Shikeni mambo haya manne:

Moja: mzazi mwenye kasoro hiyo humpa kila mtoto nafasi sawa ya kuipata au kuikosa, kama kurusha sarafu. Kila mtoto ana mrusho wake. Mtoto wa kwanza akiipata, haina maana wa pili amenusurika. Wawili wakiikosa, haina maana wa tatu lazima aipate.

Mbili: baba anaweza kuitoa, na mama anaweza kuitoa. Wavulana na wasichana huipata sawa. Kwa hiyo hakuna sababu ya ukoo mmoja kuulaumu mwingine. Hakuna aliyechagua nakala ya kumpa mtoto wake.

Tatu: mwenye kasoro anaweza kuishi mpaka uzee bila dalili, kama yule mama wa Gihosha. Ndiyo maana watu hudhani ugonjwa umeruka kizazi. Haukuruka, ulijificha.

Nne: moyo wa mtoto unaweza kuonekana mzuri leo, ukaanza kunenepa anapobalehe au hata baada ya miaka 30. Kwa hiyo kipimo kimoja cha utotoni hakitoshi.

Wengi wenye ugonjwa huu huishi miaka mingi na kuzaa na kulea. Wachache ndio hufa ghafla. Lakini wachache hao mara nyingi ni vijana, tena wakati wa kukimbia au kufanya kazi ya nguvu. Wapenda mpira wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, alianguka uwanjani katika dakika ya 72 ya mchezo dhidi ya Colombia, akafa. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha moyo ulionenepa.

5. KIFO CHA GHAFLA SI USHAHIDI WA SUMU

Hapa tunaomba msome polepole. Kijana mzima anapoanguka na kufa, watu hutafuta mtu wa kulaumu. Jirani aliyempa maji, mke mwenza, bibi kizee anayekaa peke yake: hao ndio hunyooshewa kidole. Katika kambi, ambako watu wamekaa karibu na kila mmoja ana machungu yake, neno "amerogwa" linaweza kumwaga damu.

Kumbukeni Foé. Alianguka mbele ya maelfu ya watu, na aliyemuua ni moyo wake mwenyewe. Kama katika ukoo wenu kijana amekufa ghafla, kabla ya kumtaja mtu jiulizeni: Je, alikuwa akikimbia, akilima au akibeba mzigo? Je, aliwahi kuzimia zamani? Je, kuna ndugu mwingine aliyekufa hivyo kabla ya miaka 40 au 50? Jibu likiwa ndiyo, nendeni zahanati mkaeleze. Tuhuma haitamrudisha aliyekufa, lakini kipimo kinaweza kumwokoa mdogo wake.

6. NJIA HIZI HUCHANGANYIKA

Msifikiri kwamba kuna ukuta kati ya njia hizi mbili. Presha yenyewe hufuata koo: mwenye baba na mama wenye presha yuko katika hatari zaidi kuliko mwingine. Na aliyerithi moyo mnene, akiongezewa presha na unene wa mwili, huumia zaidi. Jeni huwezi kuibadilisha, lakini chumvi, pombe na presha unaweza kuzipunguza.

Tena, msiharakishe kusema "ni ugonjwa wa kabila fulani". Kuna funzo kutoka Uganda. Mwaka 1948 daktari J. N. P. Davies alieleza ugonjwa aliouona Kampala, ambamo ngozi ya ndani ya moyo hunenepa na kuwa ngumu kama kovu. Huu si ule wa kurithi tuliousema, bali ni ndugu yake wa mbali. Baadaye ilionekana kwamba miongoni mwa wagonjwa wa Uganda walikuwamo wengi wenye asili ya Rwanda na Burundi. Je, ni damu yao? Wachunguzi walipoangalia zaidi, katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 1999, waliona kwamba mahali mtu anapokaa na umaskini navyo vilikuwa na uzito. Mpaka leo chanzo chake hakijathibitishwa. Watu wa asili moja mara nyingi wameshiriki pia safari moja, chakula kimoja na shida moja. Kwa hiyo ugonjwa kuonekana katika kundi fulani hautoshi kuthibitisha kwamba umo katika damu.

7. DALILI ZA KUKUPELEKA ZAHANATI

- Kuhema kwa kazi ndogo, au kushindwa kulala chali.
- Maumivu ya kifua unapopanda mlima au kubeba mzigo.
- Moyo kwenda mbio au kuruka-ruka bila sababu.
- Miguu kuvimba jioni.
- Kizunguzungu cha mara kwa mara.

KUZIMIA WAKATI WA KUKIMBIA AU KUFANYA KAZI NI HATARI. Mtu huyo asirudi mchezoni, na afikishwe zahanati siku hiyo hiyo, hata kama ameamka na anacheka.

Mtu akianguka, haitikii na hapumui vizuri, msimmwagie maji wala msimkalishe. Mlazeni chali juu ya kitu kigumu. Mmoja akimbilie msaada. Mwingine aweke viganja viwili katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Mkichoka, mpokezane.

8. VIPIMO

Kipimo cha kwanza ni cha presha, na kinapatikana zahanati. Kaa chini dakika 5 kabla ya kupimwa. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikionekana hivyo kwa siku tofauti, ni presha ya juu. Usisubiri kuumwa kichwa. Karibu nusu ya wenye presha duniani hawajui kwamba wanayo.

Kisha mhudumu atasikiliza moyo kwa kifaa cha masikioni, na akiona shaka ataandika rufaa. Katika hospitali kubwa kuna kipimo cha umeme wa moyo, na picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kama ile ya wajawazito. Havichomi wala haviumi. Kupima jeni kwenyewe ni kwa maabara chache sana, na hata huko kwa wagonjwa wengi jeni haionekani. Msivunjike moyo: picha na historia ya familia hufanya kazi kubwa.

Kwa sababu hiyo, unapokwenda zahanati nenda na historia. Wakaeni wazee, waandike majina ya babu, bibi, wajomba, shangazi na watoto: nani alikufa ghafla, na akiwa na miaka mingapi, nani alikuwa na presha, nani alizimia. Familia zilizotawanyika, wengine wakabaki Burundi na wengine wakaenda nchi nyingine, zipeane habari hizi. Karatasi hiyo ina thamani kama dawa.

9. LA KUFANYA

Kama una presha: meza dawa kila siku, hata ukijisikia mzima. Fika zahanati kabla vidonge havijaisha. Unaposafiri, unapohamishwa au unaporudi nyumbani, chukua dawa na kadi yako pamoja na nyaraka zako. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mmoja, yaani kijiko kimoja cha chai bila mlima. Hesabu pia chumvi iliyomo katika samaki wakavu waliotiwa chumvi na katika vidonge vya kukolezea mchuzi. Mama mwenye presha akishika mimba aseme mapema, kwa sababu baadhi ya dawa za presha hazimfai mtoto aliye tumboni.

Kama umeambiwa ugonjwa wako ni wa kurithi: usicheze michezo ya mashindano wala kubeba mizigo mizito mpaka daktari akuruhusu. Kutembea ni kuzuri. Kunywa maji ya kutosha, hasa siku ya joto na unapoharisha. Wapeleke wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wakapimwe. Watoto na vijana hurudia kipimo kila mwaka 1 au 2, watu wazima kila miaka 3 hadi 5, wakipata nafasi ya hospitali yenye kipimo.

Kwa wote: MSIGAWANE VIDONGE. Baadhi ya dawa za presha hutanua mishipa au kukausha maji mwilini. Mzee wa nyumba ya kwanza humsaidia. Kijana wa nyumba ya pili, ambaye mlango wa moyo wake unazibwa na nyama, anaweza kuzimia kwa dawa hiyo hiyo. Jirani mwema hamgawii mwenzake dawa ya moyo, humsindikiza zahanati.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Baba ana moyo mnene kwa sababu ya presha ya miaka 20. Je, lazima watoto wake wawe na moyo mnene? (Hapana. Lakini wapime presha mapema, kwa sababu presha hufuata koo.)

2. Mama ana moyo mnene wa kurithi. Watoto wawili wamepimwa na ni wazima. Je, wa tatu aache kupimwa? (Hapana. Kila mtoto ana nafasi yake, nao wawili warudie baadaye.)

3. Msichana wa miaka 15 amezimia akikimbia, kisha ameamka mzima. Tufanye nini? (Aache mchezo, apelekwe zahanati leo, na aulizwe habari za ukoo wake.)

4. Presha yangu imeshuka baada ya dawa. Je, niache? (Hapana. Imeshuka kwa sababu ya dawa.)

Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii, na msomee asiyejua kusoma.